Waya umekatika au umekatwa?

Aghalabu sisi tunaofundisha lugha katika vyuo vikuu hulalamika kwamba Kiswahili kimenyimwa nafasi yake katika sayansi. Huandika makala, huhudhuria makongamano, hubuni istilahi, kisha hurejea ofisini na kufunga mlango. Nami nimo katika kundi hilo. Muhula uliopita, hata hivyo, nilifundishwa fizikia kwa Kiswahili kando ya barabara huko Mashuuru, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu wa mtu yeyote.

Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara katika shule za Kajiado kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya ualimu. Kungojea magari ya abiria kulikuwa kumenipotezea saa nyingi mno, basi nikanunua pikipiki kuukuu. Siku hiyo nilitoka Kitengela alfajiri, nikapita Isinya na mji wa Kajiado, nikashika njia ya Mashuuru. Pikipiki ilizima mara tatu njiani. Kila ilipozima, taa, honi na stata vilinyamaza kwa pamoja. Kisha, bila ya sababu niliyoweza kuiona, uhai ulirudi. Majuma mawili kabla ya hapo fundi mmoja wa mjini alikuwa ameniuzia betri mpya kwa ugonjwa huo huo. Hakupima chochote. Aliitazama ile ya zamani, akatikisa kichwa, akataja bei.

Pale Mashuuru ilizima ya nne, mbele ya kibanda cha kijana mmoja aliyevaa akala, ameketi juu ya kreti ya soda. Chombo chake cha kupimia kilikuwa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Aliushikisha mmoja kwenye upande hasi wa betri, na kwa ncha ya ule mwingine akaanza kufuata njia ya umeme: kwenye upande chanya wa betri, balbu ikawaka, kabla ya fyuzi, ikawaka, baada ya fyuzi, ikawaka. Alipofika kwenye swichi ya ufunguo, haikuwaka. Hapo akainua kichwa.

“Mwalimu, kuna mtu amewahi kufungua hapa akaweka taa ingine ama redio?”

“La, hakuna.”

“Basi hii waya haijakatwa. Imekatika.”

Nilikuwa karibu kumwambia kwamba waya umo katika ngeli ya U-ZI, na kwamba alipaswa kusema waya huu haujakatwa. Namshukuru Mungu aliyenifumba kinywa, kwa sababu katika sentensi zile mbili fupi kijana yule alikuwa amemaliza nusu ya kazi. Kila mwaka nafundisha tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Huwaambia wanafunzi kwamba kukatwa kuna mtendaji hata asipotajwa, ilhali kukatika hakuhitaji mtendaji. Wao huandika, hukariri, hupata alama. Sikuwahi kufikiri kwamba tofauti hiyo yaweza kumwonyesha mtu mahali pa kupeleka kisu chake. Waya uliokatwa hutafutwa pale ambapo mkono wa mtu umepita: penye taa za nyongeza, penye redio, penye soketi ya kuchajia simu. Waya uliokatika hutafutwa pale unapokunjwa na kukunjuliwa kila siku, na katika pikipiki pahali hapo ni chini ya usukani. Alipasua gamba la plastiki papo hapo. Kwa nje waya ulikuwa mzima kabisa. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, zikigusana usukani ulipoelekea kulia na kuachana ulipoelekea kushoto. Betri yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Walimu wa fizikia watauliza kwa nini hakutumia mita. Alikuwa nayo, imening'inia ukutani. Alinijibu kwamba mita “inaamini haraka”. Nimelitafakari jibu hilo tangu siku hiyo. Mita ya volteji huvuta mkondo mdogo mno, hivyo hata ukibaki uzi mmoja tu wa shaba itakusomea volti 12 na kukuambia mambo ni shwari. Balbu ya wati 10 katika volti 12 huvuta karibu ampea 0.8, inataka kazi ifanyike, na waya mbovu huenda usiweze kuifanya. Hiyo ni kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka wa 1827, nayo imo katika kila kitabu cha fizikia cha shule ya upili. Tofauti ni kwamba vitabuni haimpati mtu gizani.

Mtakumbuka kwamba ni mwaka wa 2008 ndipo serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ongezeko la thamani, na tangu hapo vijana wengi waliotoka katika madarasa yetu wameketi juu ya pikipiki hizo. Nimewaona wakifunga taa mbili za nyongeza, kila moja wati 35. Jumla ni wati 70, yaani karibu ampea 6, juu ya taa kubwa na taa ya nyuma zinazochukua ampea 4 hivi. Fyuzi ya ampea 10 imefika mwisho wake hata kabla ya kupiga honi au kukanyaga breki. Fyuzi inapoungua, kijana huweka kipande cha waya mahali pake, au karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara. Sasa hakuna kitakachoungua ila nyaya zenyewe, chini ya tangi la petroli. Au taa zinazimika zote saa mbili usiku, mbele yake kukiwa na kundi la ng'ombe wanaovuka barabara. Nina hakika baadhi yao walifaulu swali la fyuzi katika mtihani.

Kijana alipokuwa akifunga waya mpya, mimi nilivua mabuti yangu. Niliyanunua mitumbani kwa kuitazama namba na kuipenda ngozi. Akaniona nikichechemea.

“Zinabana ama zinapwaya?”

“Zinaumiza tu,” nikasema.

“Kuumiza si jibu, mwalimu.”

Na kweli halikuwa jibu. Kiatu kinachobana hufisha ganzi vidole. Kinachopwaya huuacha mguu ucheze ndani, kisigino kikapanda na kushuka mpaka kikachubuka. Yangu yalipwaya kisiginoni na kubana vidoleni, na mimi, daktari wa isimu, nilikuwa nimeyakusanya maradhi mawili katika neno moja. Alinieleza kwamba mabuti ya pikipiki hujaribiwa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kwa soksi zile zile zitakazovaliwa. Mtu asisimame nayo tu dukani. Akalie pikipiki, aingize vidole vya mguu wa kushoto chini ya gia, aone kama vinapita bila kukwama. Kifundo cha mguu kifunikwe, kwa kuwa ndicho kinachopinda pikipiki inapoanguka. Soli iwe ngumu na yenye kisigino cha kushika pedali. Kamba zisining'inie. Gambuti alizikataa: mpira huyeyuka ukigusa ekzosi, na mguu hutota jasho. Nilipomwuliza mbona yeye amevaa akala, alicheka akaniambia kwamba yeye ni fundi, hasafiri.

Wenzangu huniambia kwamba fizikia haiwezi kusomwa kwa Kiswahili kwa sababu istilahi hazipo. Zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kosa letu ni kwamba tuliziunda bila kumwuliza mtu mwenye grisi mikononi, na yeye naye hakutungojea. Ana fyuzi, ana stata, ana koili, na kwa hayo amejenga maelezo yasiyo na utata. Hata stima, neno tunalolitumia Kenya kwa umeme, lilikuwa jina la meli ya mvuke kabla halijahamia nyayani. Hakuna kamati iliyolituma. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mwanafunzi akiingia katika somo la umeme hukiacha mlangoni.

Nilimwuliza kijana kama alisoma fizikia. Akasema ndiyo, mpaka kidato cha nne, na kwamba alipata alama ya chini kabisa. Katika karatasi kulikuwa na mchoro wa saketi, betri moja na balbu mbili.

“Mchoro niliuelewa,” akasema. “Swali ndilo sikuelewa.”

Alinitoza shilingi 300. Nimewaagiza wanafunzi wangu wa ualimu walioko Kajiado kwamba muhula ujao kila mmoja awapeleke wanafunzi wake kwa fundi, wa Kiswahili na wa fizikia pamoja, wamsikilize akitafuta kosa na wayaandike maelezo yake hatua kwa hatua, kwa maneno yake mwenyewe. Kijana wa Mashuuru amekubali kuwapokea, kwa sharti kwamba wasije siku ya soko.