Kibaya chajitembeza, siku hizi kwa nyota tano

Haya wasomaji wangu, leo naanza kwa kuungama.

Miezi michache iliyopita rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye Mlimani, alifungua gesti huko pwani. Vyumba vinane, bustani ndogo, na bahari unaiona ukisimama juu ya kiti. Akanipigia simu: "Mwandishi, wewe ndiye mwenye kalamu. Niandikie maneno mawili matatu kwenye ile tovuti ya wasafiri, nyota tano ndugu yangu, nianze vizuri." Sijawahi kulala pale. Sijawahi hata kunywa soda pale. Lakini rafiki ni rafiki. Nikiwa kwenye daladala, foleni haisogei, nikaandika aya mbili safi: mashuka meupe, wahudumu wachangamfu, samaki wa kupaka asiyesahaulika. Nyota tano. Jina nililotumia halikuwa langu.

Wiki kadhaa baadaye kaka mmoja wa dawati la michezo akaja kazini Jumatatu amenuna. Alimpeleka mkewe na watoto mapumziko ya siku mbili. Maji yalikatika usiku wa kwanza, neti ina matundu, na samaki walikuwa "wameisha" siku zote mbili. Akaniambia, "Dogo, na watu wamesifia kweli kweli! Kuna mmoja kaandika habari za samaki, nikasema hapa hapa." Nikainamia kompyuta, nikajifanya nahangaika na habari ya baraza la madiwani.

Kaka, kama unasoma hapa, yule mmoja ni mimi. Nisamehe.

Sasa swali: hivi haya maoni ya wateja mtandaoni yanaaminika?

Wengi mmesikia kisa cha Oobah Butler wa London. Huyu bwana aliwahi kulipwa pauni 10 kwa kila sifa ya uongo aliyoandikia migahawa ambayo hajawahi kula. Mwaka 2017 akaamua kujaribu makubwa zaidi. Alikuwa anaishi kwenye kibanda cha bustani eneo la Dulwich, akakisajili TripAdvisor kama mgahawa: The Shed at Dulwich. Picha za vyakula alizipiga kwa kutumia povu la kunyolea ndevu, na nyingine ni kisigino chake mwenyewe. Marafiki zake wakaandika sifa. Watu wakaanza kupiga simu kuomba nafasi, wanaambiwa pamejaa. Kadiri wanavyokosa, ndivyo wanavyozidi kupatamani. Novemba 2017 kibanda hicho kikawa mgahawa namba moja London nzima, na hakijawahi kumuuzia mtu hata sahani moja.

Tunacheka, lakini sikilizeni TripAdvisor walivyojibu. Walisema, kwa maneno mengine, kwamba wanaobuni migahawa isiyokuwepo ni waandishi wa habari wanaotaka kuwajaribu. Vita yao wenyewe ni dhidi ya biashara za kweli zinazopandikiza maoni ya uongo. Mimi naona hapo walisema kweli. Tatizo kubwa ni gesti ya rafiki yangu, ambayo ipo, ina mlango na ina bei, na imepambwa na mtu kama mimi.

Kwa nini watu wanahangaika hivyo? Kuna pesa. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle na nyota zake kwenye tovuti ya Yelp. Akakuta kuwa nyota moja ikiongezeka, mapato ya mgahawa wa mtu binafsi hupanda kwa asilimia 5 hadi 9. Ile migahawa mikubwa yenye matawi kila mji haikutikisika, kwa sababu jina lake watu wanalijua tayari. Maana yake nyota zinamsaidia zaidi mdogo asiye na pesa ya matangazo. Na ndiye huyo huyo mwenye kishawishi kikubwa cha kuzitafuta kwa njia ya panya.

Serikali za wenzetu zimeamka. Italia, mwaka 2018, mahakama ya Lecce ilimhukumu mtu miezi tisa jela kwa kuuza maoni bandia kwa wenye hoteli na migahawa. Marekani kanuni ya kuyapiga marufuku ilianza kutumika Oktoba 2024, Uingereza Aprili 2025. Ni vizuri. Anayeuza maoni kwa jumla atabanwa. Lakini mimi sikulipwa hata senti. Mtu mmoja, simu moja, hisani kwa rafiki: hapo askari ataanzia wapi?

Sisi waandishi tunaijua bahasha. Unaitwa kwenye mkutano, unakula, unapewa "nauli", na kesho yake habari inatoka tamu kuliko tukio lenyewe. Nimekuwa nikiwasema wenzangu kwa hilo, tena kwa ukali. Kumbe bahasha si lazima iwe na noti. Urafiki nao ni bahasha.

Tofauti na zamani ni hii. Ukitaka fundi seremala unamuuliza jirani. Jirani anasema, "Nenda kwa fulani, ndiye aliyenitengenezea kabati." Fundi akikuharibia, unajua mlango wa kugonga. Kwa hiyo jirani hafungui mdomo ovyo. Anaweka jina lake rehani. Nyota tano hazina mlango wa kugonga. Mimi niliweka rehani jina ambalo halipo.

Je, tuzitupe? Hapana. Mtalii wa Ujerumani anayetafuta hoteli Zanzibar au kampuni ya kumpandisha Kilimanjaro hana jirani wa kumuuliza. Na kijana wa Arusha mwenye gari moja na kazi safi atajulikanaje bila maoni ya wateja wake? Tukizitupa, atakayefaidi ni mwenye pesa ya mabango.

Ninachosema ni hiki: msome mtoa maoni kama mwandishi anavyomsoma mtoa habari. Alikuwepo? Anataja jambo ambalo aliyelala pale tu ndiye angelijua, au anasema "pazuri sana, nitarudi" basi? Bonyeza jina lake uone ameandika nini kwingine. Mwenye maoni moja tu maishani, tena ya nyota tano, mtilie shaka. Sifa ishirini za wiki moja, mtilie shaka mwenye gesti. Soma nyota tatu kwanza, maana anayetoa nyota tatu mara nyingi hana hasira wala deni. Kisha angalia mwenye biashara anavyomjibu aliyelalamika. Hapo utaijua tabia yake kabla hujalipa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinajitembeza, kwa nguo zile zile, na sisi ndio tunaovivalisha. Uliyelala pazuri ukanyamaza, umemwachia nafasi niliyelipamba nisipopajua.

Nimeyafuta yale maoni yangu jana. Rafiki yangu kakasirika, kasema nimemwangusha. Nikamwambia nitakuja mwezi ujao, nitalipa kama mteja mwingine yeyote, na nitaandika nilichokiona kwa jina langu kamili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi subiri kwanza nitengeneze pampu."

Na wewe je, maoni ya mwisho uliyoandika, ulikuwepo?