TAA YA MOSHI SI KOSA LA DEREVA



Dereva mwenzetu mmoja alikuwa akitoka Mombasa na mzigo wa Malaba. Kabla ya kuondoka aliona taa ya manjano ya moshi inawaka, akamwambia msimamizi. Akajibiwa, "Wewe nenda tu." Alipoanza kupanda Timboroa lori likakosa nguvu, likatambaa kama kobe. Mzigo ukachelewa, na mwisho wa mwezi tajiri akamkata mshahara. Je, hiyo ni haki?

Natueleze jambo lenyewe. Malori mengi ya dizeli yaliyoundwa Ulaya tangu 2005 hivi yana tangi la pili, dogo, lenye kifuniko cha buluu. Humo hutiwa AdBlue, yaani urea 32.5 kwa mia, na iliyobaki ni maji yaliyoondolewa chumvi. Hunyunyiziwa ndani ya bomba la moshi, ikapunguza sumu. Ikiisha, au ikiwa mbovu, taa huwaka, na baadaye gari lenyewe hupunguza nguvu za injini. Limeundwa hivyo, dereva hawezi kulizuia kwa mguu wake.

Taa ikiwaka, tazama kwanza kama tangi lina kitu. Pili, uliza ile AdBlue ilinunuliwa lini na iliwekwa wapi, maana joto kali huiharibu. Tatu, tazama kama chembe nyeupe zimeganda penye mdomo wa kunyunyizia. Kama hayo yote ni sawa, kasoro huenda iko katika nyaya au kipimo cha moshi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kompyuta, si ya dereva na spana kando ya barabara.

Matajiri wengine hutuamuru tutie maji ya mfereji, au mbolea ya urea iliyokorogwa ndooni. Tukatae. Uchafu wake huziba mdomo na kuharibu kisafisha moshi, ambacho bei yake ni kubwa kuliko madebe mengi ya AdBlue. Wala usiitie kamwe katika tangi la dizeli.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na mfanya kazi kwa kusudi. Kuripoti taa kisha kuamriwa uende si kusudi lako. Na akitaka kukufukuza kwa kosa, kifungu cha 41 chakupa haki ya kusikilizwa pamoja na mwenzako wa kazi au mjumbe wa chama.

Lakini nasi tusijifiche. Dereva aonaye taa akanyamaza hujifunga mwenyewe. Andika katika daftari la gari: tarehe, saa, kilomita, na jina la uliyemwambia. Piga picha ya taa kwa simu, umpe mjumbe nakala. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mshahara wako, ndugu, ndiyo mali yako.