Nyembe 100 Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu hapa Nariokotome pana kopo la maziwa ya unga lenye nyembe 100. Mke wangu huniuliza kama nafungua duka. Namwambia asubiri mvua: laga, yaani mito ya msimu, zikifurika na gari la kutoka Lodwar likwame, atahesabu majirani watakaobisha hodi.

Wembe wa pande mbili hauozi. Ukiachwa mkavu ndani ya karatasi yake, hukaa miaka. Mashine yangu ya kunyolea ya chuma niliinunua mara moja tu. Zile za plastiki hutupwa nje, na mbuzi wetu hutafuna chochote, hata soksi zangu.

Kuwa na makali karibu si anasa ya mjini; huku ni jambo la kale. Mwaka 1984, papa hapa, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la yule Kijana wa Turkana, binadamu wa kale wa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kule Lomekwi, upande huu huu wa ziwa, yamepatikana hata mawe yaliyochongwa yapate makali miaka milioni 3.3 iliyopita.

Kinachonikera ni wembe mmoja kuzungushwa vichwani mwa watoto sita kwa kuwa ndio uliobaki. Damu kidogo tu yaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Kila kichwa na wembe wake, basi! Wenye maduka, leteni maboksi, si pakiti mbili. Nyembe zilizotumika mimi huzitumbukiza katika kopo jingine, lenye tundu jembamba kifunikoni. Hilo mke wangu hajalilalamikia bado.