Wakazi wa Njiro, Tusisubiri Programu Zifungiwe



Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na katika vyuo 22 ikasimamisha udahili wa programu 75. Sisi wa Arusha hatukupona: vituo vya hapa vya vyuo viwili vya Kenya, Jomo Kenyatta na Kenyatta, vilikuwamo kwenye orodha. Mwaka mmoja kabla, kampasi ya Arusha ya Chuo Kikuu cha St. Joseph ilifutiwa kibali na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine.

Wengi walilalamika. Mimi nasema Tume ilitimiza wajibu wake, kwani ukaguzi ulikuwa umekuta upungufu wa wahadhiri na miundombinu. Programu isiyo na walimu haina haki ya kupokea ada ya mtoto wa mtu. Lakini zuio huja mwishoni. Linapotangazwa, kuna vijana wameshasoma humo miaka miwili au mitatu, na ada imeshalipwa.

Ada hiyo tunajua inakotoka. Mama anayeuza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, huikusanya mkungu kwa mkungu. Kijana wake akimaliza kidato cha sita hujaza maombi kwenye simu, hupewa namba ya malipo, na mama hulipa. Hakuna aliyemwambia programu ile ina wahadhiri wangapi. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, si kupitia mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, na kazi ya kuchunguza imebaki kwa familia.

Sisi wa Njiro, hapa Arusha, tunaishi na vyuo. Chuo cha Uhasibu na ESAMI viko hapa Njiro Hill. Ukishika barabara ya Moshi unakuta vyuo vya Nelson Mandela pale Tengeru na Makumira kule Usa River. Wanafunzi ni wapangaji wetu, wateja wa maduka yetu, abiria wa bodaboda zetu. Kwa hiyo programu ikizuiwa, ni rahisi kuipigania ifunguliwe haraka ili vyumba visibaki vitupu. Tusikubali kodi ya chumba iwe na uzito zaidi kuliko shahada ya mtoto. Tupiganie ifunguliwe ikiwa imekamilika.

Mkono mmoja haulei mwana. Naomba tufanye mambo matatu kwa pamoja.

Kwanza, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, kila mtaa uitishe mkutano wa wazazi na wahitimu wa kidato cha sita. Walimu wastaafu na wahadhiri wanaoishi kwetu wazisaidie familia kusoma mwongozo wa udahili wa TCU, na kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, orodha ya programu ya baraza hilo. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kila programu yake imeruhusiwa kupokea wanafunzi. Jina la programu yenyewe litafutwe, lionekane kwa macho.

Pili, tuviandikie vyuo barua za pamoja. Tuulize kila programu ina wahadhiri wangapi wa kudumu, wangapi kati yao wana shahada ya uzamivu, na maabara zake ziko wapi. Barua ya mzazi mmoja ni rahisi kuwekwa kando. Yenye saini za mtaa mzima itajibiwa.

Tatu, programu ikisimamishwa, tudai chuo kieleze kwa maandishi waliomo watamalizaje, nani atawafundisha, na kasoro zitarekebishwa lini. Nasi wenye nyumba, mwanafunzi akihamishwa, tumrudishie kodi ya miezi ambayo hatakaa. Kwa fedha hiyo atalipia chumba huko aendako.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri bajeti ya serikali. Nyumba ya mwenyekiti wako wa mtaa unaijua. Nenda wiki hii, nenda na jirani yako, mwombeni ajenda hii iingie kwenye mkutano ujao.