Risasi Isisingiziwe

Ubishi juu ya risasi ipi ya bastola iliyo bora umedumu zaidi ya miaka mia moja, na aghalabu huongozwa na macho kuliko akili. Mtu huona risasi nene, akaamini papo hapo kuwa ndiyo yenye nguvu. Ukweli haumuungi mkono. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na huruka kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Ile ya inchi 0.45 ina takriban gramu 15, lakini mwendo wake ni kama mita 255 tu. Zikikokotolewa, nguvu zake zinakaribiana mno: jouli 500 hivi kila moja.

Imani hiyo ya unene ina historia. Majeshi ya Marekani yalipopigana na Wamoro huko Ufilipino, yalilalamika kuwa bastola zao za inchi 0.38 hazikuwazuia wapiganaji waliowajia na majambia. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio kwa kufyatulia risasi ng'ombe wa machinjioni na maiti za watu, wakapendekeza inchi 0.45. Bastola ya Colt ya mwaka 1911 ikazaliwa kutokana na rai hiyo, nayo ilitumika hadi mwaka 1985, Beretta ya milimita 9 ilipochaguliwa kushika nafasi yake. Colt ilibeba risasi 7 katika magazini. Beretta ilibeba 15.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Aprili 1986, makachero wanane wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Makachero wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja mkononi, ikapenya kifuani, ikakoma kabla ya kufika moyoni. Jambazi huyo aliendelea kupigana.

Hapo ndipo risasi ilipotiwa hatiani. Shirika likaweka kipimo kipya: risasi ipenye jelatini kwa inchi 12 hadi 18. Kipimo hicho kilikuwa cha busara, na mpaka leo kinaheshimiwa. Lakini mbio za kutafuta risasi kubwa zaidi hazikuwa na busara kama hiyo. Ilichaguliwa risasi ya milimita 10, ikaonekana teke lake ni kali, ikabidi baruti ipunguzwe. Kisha mwaka 1990 ikatoka ya inchi 0.40, fupi kuliko hiyo, na idara nyingi za polisi nchini humo zikanunua bastola mpya kwa fedha za umma.

Safari hiyo iliishia ilikoanzia. Mwaka 2014 wakufunzi wa FBI walieleza kuwa risasi za milimita 9 zilizoboreshwa hupenya sawasawa na kubwa zake, na kwamba askari wengi huzipiga haraka zaidi na kwa shabaha bora zaidi. Walikiri pia kuwa askari hukosa shabaha kwa risasi 7 hadi 8 katika kila 10 anazopiga kwenye mapambano. Shirika likarudi kwenye milimita 9. Ni vigumu kuelewa kwa nini hesabu hiyo ya shabaha haikupewa uzito tangu mwanzo, kwani risasi iliyomkosa mtu haina unene wa kusifiwa.

Wapo watakaosema kuwa bila Miami risasi ya milimita 9 isingeboreshwa. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini haigusi jambo lililowaua makachero wale. Jambazi aliyewaua alikuwa na bunduki ndefu aina ya Ruger, ambayo risasi zake huruka kwa kasi inayokaribia mara tatu ya ile ya risasi za bastola, na wengi wa waliomkabili walitegemea bastola.