Daftari la wiki: Wenye visu wa Daa

Jumapili

Kuna wanaume katika kata ya Daa ambao ukiwaomba simu wanakupa bila swali, ukiwaomba kisu wanakuuliza unataka kukata nini. Leo baada ya ibada nimekaa na kundi lao chini ya mti, pembeni ya shamba la ngwara lililokwisha kuvunwa. Hawana mwenyekiti wala kadi ya uanachama, na mchango ni bei ya mbuzi tu. Yupo mchinjaji wa bucha mjini Karatu, yupo dereva wa magari ya watalii, yupo mwalimu mstaafu, yupo mpishi wa kambini aliyeko likizo, na vijana kadhaa ambao kazi yao ni kutazama na kuchochea moto. Kila mmoja kaja na chake, na vyote vimepangwa juu ya gunia: visu vya kuchunia, visu vya jikoni vilivyonolewa hadi vikabaki wembamba wa kidole, sime mbili zenye ala nyekundu, na panga moja ambalo mwenyewe anasema ni la marehemu baba yake na halijawahi kukata kuni.

Mpenda visu hatambuliki kwa kutazamwa kiunoni. Tazama mkono wake wa kushoto. Vinyweleo hamna, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko, kwa sababu kila akimaliza kunoa anajaribia makali hapo hapo. Nilipopendekeza tujaribu kwenye karatasi, mwalimu alinionea huruma. “Karatasi inasifia kila kisu,” alisema. “Unywele ndio mtahini.”

Wana adabu zao. Kisu kikishatoka kwenye ala hakipokezwi mkono kwa mkono, unakilaza juu ya gunia na mwenzako anakiokota mwenyewe. Cha mtu hakijaribiwi kwenye mfupa, na ukikishika mwanzo unakisifu mpini kabla ya kukitia kasoro makalini.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga, ila nadhani wahenga hawakualikwa kwenye mikutano ya aina hii. Kisu kikali kuliko vyote kilikuwa cha mchinjaji, na kwa sababu hiyo alisimama mchana kutwa akiwakatia wengine. Figo zikaenda, maini yakaenda, mbavu zikaisha. Alipoketi hatimaye alikuta shingo na chumvi. Hakulalamika. Kila kipande kilichopita mikononi mwake kilikatwa mara moja tu, bila kusagwa, na nadhani hilo ndilo lililomshibisha.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa chuma, na hapa dereva ndiye mwenye mamlaka. Lami inayotoka Makuyuni inakufikisha geti la Lodoare. Ukishaingia hifadhi ya Ngorongoro ukaelekea Serengeti, ni kokoto na matuta madogo yasiyokwisha, na matuta hayo yanavunja springi za nyuma za Land Cruiser. Springi iliyovunjika inarudi gereji za Karatu, kutoka gereji inakwenda kwa mhunzi, na kutoka kwa mhunzi inarudi kiunoni mwa mtu. Hesabu ya mapato ya utalii nimeisoma mara nyingi, na sijawahi kuona mahali ilipoandikwa kwamba barabara mbovu ya watalii ndiyo inayowapa wachunga ng'ombe sime nzuri.

Sababu ya kuipenda springi si ushirikina. Chuma chake kina kaboni kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukifanya kigumu kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikazamishwa kwenye mafuta. Msumari na waya hazina kaboni ya kutosha, utazizamisha hadi uchoke. Tupa iliyochakaa ina kaboni zaidi ya asilimia 1, kwa hiyo kisu cha tupa hukaa na makali muda mrefu, lakini siku ukikitumia kufungulia kopo la rangi kinakatika vipande viwili. Mpishi ni mtu wa tupa, dereva ni mtu wa springi, na walibishana hadi mchuzi ukapoa. Mimi niko na dereva. Kisu kilichopinda naweza kukinyoosha.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza kila mwenye kisu swali moja: nani kakifua? Walinieleza gari springi ilikotoka, bei, mwaka, mti wa mpini (mzeituni wa porini unaongoza, pembe ya ng'ombe inafuata), hata jina la mbuzi wa kwanza kuchunwa nacho. Jina la mhunzi hakulitaja hata mmoja. “Mdatoga mmoja wa kule Mang'ola,” ndilo jibu nililopewa, na waliofuata wakalirudia.

Jumatatu

Mjini nimemkuta mnoaji wa baiskeli. Anasimamisha baiskeli kwa stendi, mkanda unatoka gurudumu la nyuma hadi kwenye jiwe la duara, anapiga pedali na cheche zinaruka hadi barabarani. Akina mama wanampenda. Wale wa jana hawamtaki, na wana hoja: jiwe likizunguka kwa kasi makali yanapata moto, yakigeuka bluu ugumu umekwisha, na kisu hicho kitarudi kwake wiki ijayo. Ubaya ni kwamba kurudi huko ndiko kunakompa ugali. Mwenye subira anoe kwa jiwe la mtoni na maji, au kwenye ukingo usiong'aa chini ya kikombe cha kaure.

Jumatano

Nimekwenda Ngorongoro kwa shughuli nyingine, na njiani tukapakia mzee wa Kimasai aliyekuwa anarudi bomani. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa ya kuitazama sime yake. Ilikuwa nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea mwishoni, kama zilivyo zote, ili uzito uwe mbele na mkono usifanye kazi yote. Makali pande mbili. Mpini haukuwa na kikingio, ulifungwa kamba ya ngozi tu.

Tukaongea habari za olpul. Wanaume wanaondoka bomani na mnyama wao, wanaingia msituni, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshiwa magome na mizizi, mpaka mnyama aishe. Wamorani hawali nyama iliyoonwa na wanawake, na hiyo ni sababu mojawapo ya safari yenyewe. Nilipomweleza kikao cha Daa alikielewa papo hapo, akauliza jambo ambalo sikuwa nalo jibu: nani alikula nini? Kwao ng'ombe amekwisha kugawanywa kabla hajachinjwa. Kipande hiki cha wazee, hiki cha vijana, hiki cha wanawake nyumbani, na kisu kinafuata tu mipaka iliyokuwepo. Ya mchinjaji wetu kukatakata na kumpa yeyote aliyenyoosha mkono aliyaona ya watoto.

Alhamisi

Tukitaka kujua wapenda visu wa kwanza wa wilaya za Karatu na Ngorongoro, Oldupai ni hapo hapo jirani. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota pale fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na dunia ikageuza shingo. Lakini mawe yaliyochongwa yalikwisha kuwavutia wageni kabla ya fuvu, na mengine yana umri wa miaka inayokaribia milioni mbili. Mumewe, Louis, alijifunza kuyachonga mwenyewe, na alipenda kuwaonyesha watu jinsi mnyama anavyochunwa kwa jiwe. Angekaribishwa Daa bila maswali.

Kilichonikalia kichwani zaidi ni pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi. Ludwig na Margit Kohl-Larsen walilichimba miaka ya 1930, Michael Mehlman akalirudia miaka ya 1970. Humo zilipatikana nyembe ndogo za mawe, na baadhi ni za jiwe jeusi la volkano linalong'aa, lenye makali ambayo chuma hakiyafikii. Jiwe hilo halitoki Eyasi. Vipimo vinaonyesha limetoka upande wa Naivasha, Kenya, zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo zamani sana, kabla ya barabara na mnada, kuna mtu wa Eyasi aliyekataa jiwe la nyumbani kwa sababu alijua la Naivasha linakata vizuri zaidi. Na kuna mwenzake aliyelibeba, au waliopokezana njiani. Mazungumzo yao kuhusu bei ningelipa kuyasikia.

Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi kule Nizwa, Oman, wanaume wanazungusha mbuzi mnadani huku wengine wakiwa na majambia viunoni, na miongoni mwao wapo wanaopigiana bei kwa Kiswahili cha Unguja. Jambia la Oman limo kwenye bendera ya nchi, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtu wa mnada wa Karatu akipelekwa pale kesho, baada ya robo saa atakuwa anajadili mipini.

Mpini, hata hivyo, una habari ambayo inatuhusu sisi wa huku juu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Katikati ya miaka ya 1960 John Goddard, mwanabiolojia aliyekuwa akifanya kazi Ngorongoro, aliwatambua faru mmoja mmoja ndani ya kreta na kupata 108. Miaka thelathini baadaye walikuwa hawafiki ishirini. Dawa za Asia zilichukua sehemu yake ya pembe. Sehemu nyingine kubwa ilikwenda Yemen Kaskazini kuwa mipini ya majambia. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, Wayemeni kwa maelfu walikwenda kufanya kazi Saudia, wakarudi na fedha, na kijana ambaye baba yake hakuwahi kuota jambia la pembe ya faru akaweza kulinunua. Pembe hiyo kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyong'aa, na ikizeeka mwanga unapita ndani yake. Uzuri huo si wa kubuni. Wale waliokuwa wakiusifia sokoni Sana'a walikuwa na macho kama ya wale wa Daa.

Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na biashara ikaendelea kwa mlango wa nyuma. Aliyeifuatilia kwa ukaribu ni Esmond Bradley Martin, Mmarekani mkazi wa Nairobi, ambaye aliingia karakana za mafundi wa majambia, akauliza bei, akapima vipande, akawashawishi watumie pembe ya nyati wa majini wa Asia. Wapenzi wa Zanzibar wanamjua pia kwa maandishi yake ya visiwa na majahazi. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Kwa hiyo anayeniambia kupenda visu ni mchezo usio na madhara, namwomba kwanza anitajie mpini ni wa nini. Mzeituni wa porini nao, kwa jinsi tunavyoukata kwa kuni, unahitaji mtu wa kuuhesabu.

Jumamosi

Nimeteremka Mang'ola, kupita mashamba ya vitunguu, kumtafuta “Mdatoga mmoja”. Wako wengi. Wahunzi wa Kidatoga ni ukoo wao, Gidang'odiga, na kwa desturi wanaoana wao kwa wao kwa sababu Wadatoga wengine hawakutaka kuchanganya nao damu. Wamasai wana habari ile ile na wahunzi wao, Ilkunono. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905, alieleza kwamba mtu akipokea kifaa kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Sime ya kujivunia, mkono ulioifua wa kuogopwa. Nimesikia maelezo mengi ya jambo hili, ya damu, ya moto, ya ardhi iliyochokozwa, na hakuna hata moja linalonifanya nilione kuwa la haki.

Niliyempata alikuwa ameketi chini, mkewe akisukuma mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu juu, ule chini, bila kukosea mapigo. Fuawe yake ni kipande cha chuma cha gari kilichozikwa nusu. Kando kuna rundo la kufuli mbovu na bomba za shaba nyeupe na nyekundu zinazosubiri kuyeyushwa ziwe bangili za watalii, na misumari itakayokuwa vyembe vya mishale ya Wahadzabe, ambao mara nyingi hulipa kwa asali. Watalii huja asubuhi na bei huwa ya asubuhi. Sisi tulifika saa nane.

Alichukua kipande cha springi, akakitia motoni, akakitazama. Hana kipimajoto. Anatazama rangi, na kivuli cha kibanda kipo hapo kwa kazi hiyo, maana juani wekundu wa chuma unafichika. Alipiga, akarudisha, akapiga, na sehemu pana ya mbele ikaanza kujitokeza pale pale ambapo sime ya yule mzee wa Jumatano ilipanuka.

Nikaagiza kisu cha kuchunia. Nikamwomba aweke alama yake karibu na mpini, hata nukta tatu za ncha ya msumari.

“Ya nini?”

“Mtu akiniuliza nani kakifua, nimwonyeshe.”

“Si umwambie niko hapa?”

“Wakiwa Daa hawakuoni, baba.”

Alifikiri huku mkewe akiendelea kuvukuta, kisha akasema alama ni kazi nyingine, elfu mbili. Tumevutana hadi elfu moja, na kisu nitakichukua siku ya mnada.