Pumu si ugonjwa wa kungoja usiku

Leo siwaletei habari za wengine tu. Mimi pia nina pumu, ile ambayo wengi hapa wanaita asma. Ilinianza nikiwa na miaka 24, na miaka mingi niliificha. Nani atampa maikrofoni mtu ambaye pumzi inaweza kumkatikia katikati ya habari?

Wiki iliyopita niliongea na mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi. Analala na watoto wanne katika chumba kimoja cha mbao, na mbabula iko pembeni ya mlango. Aliniambia: "Mwanangu, mimi nina pompi yangu. Ikinibana ninapuliza. Isiponibana ninaiweka, ili isiishe haraka." Nikamuuliza inambana mara ngapi. Akasema: kila usiku.

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Ile pompi ya salbutamoli, ambayo mara nyingi ni ya buluu, inafungua njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo unabaki. Unaotuliza uvimbe ni dawa nyingine, ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo mgonjwa anapuliza kila siku hata akijisikia mzima. Salbutamoli na budesonidi ziko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Ukihitaji pompi ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, ugonjwa wako haujatulia, hata kama umeuzoea.

Mimi nilifika vituo vya afya usiku mara nyingi. Nilichomwa sindano, nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani. Ilipita miaka sita kabla muuguzi mmoja kukaa na mimi dakika kumi na kunieleza dawa ya kuzuia. Tangu hapo ninalala.

Maoni yangu ni haya: wanaopanga dawa za wakimbizi wa ndani waweke pompi ya kuzuia pamoja na dawa za malaria na kipindupindu. Pumu haiambukizi, ndiyo sababu inasahauliwa. Lakini familia zilizokimbia zinaishi ndani ya vile vinavyoiamsha: moshi wa kuni na makala, vumbi nyeusi la mawe ya volkano, unyevu, na mafua yanayozunguka chumba chenye watu wengi.

Kuna watakaosema watu hawana unga, na wewe unaongelea pompi? Ninawaelewa. Lakini mama asiyelala usiku hawezi kubeba mizigo sokoni asubuhi. Na siku tatu za hospitali zinakula pesa ya unga ya wiki nyingi.

Tukingoja wakubwa wasikie, kuna tunayoweza kufanya wenyewe. Mbabula iwashwe nje, na isilale ndani kamwe, kwa sababu hewa ya makala inaua hata bila moshi. Mvua ikinyesha najua ni vigumu. Basi mwenye pumu akae mbali na moto, mwingine apike. Mwombe muuguzi akutobolee kitako cha chupa safi ya plastiki ya nusu lita, tundu likae sawasawa na mdomo wa pompi. Unapuliza mara moja ndani ya chupa, unavuta polepole kwa upande wa pili, na dawa inafika mapafuni badala ya kubaki kooni. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu, usijiambie ni pumu tu. Na ukishindwa kumaliza sentensi moja, midomo ikibadilika rangi, au pompi isiposaidia, usingoje kupambazuke. Amsha majirani.

Nanyi majirani, msimtengee mwenye pumu kikombe chake, na msimwambie amerogwa.

Nilipomaliza kumweleza yule mama, aliniuliza: "Sasa hiyo pompi ya kila siku, mimi nitaipata wapi?" Nilimwonyesha duka la dawa ambako ninanunua yangu. Alipouliza bei, nilimwambia, naye akanyamaza. Swali lake ninaliacha mbele ya viongozi wa afya wa mkoa na mashirika yanayotusaidia. Wakijibu, nitawaletea jibu hapa hapa.